Mabosi fungueni vya kazi kwanza, ndo mje kuwakamata vijana na kompyuta zao za nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako nimjibu yule mwajiri aliyeandika wiki iliyopita kwamba vijana wa siku hizi ni wezi wa mtandao, eti kamkamata mfanyakazi wake anaingia kwenye saiti alizozifunga kwa kupitia kompyuta aliyoiacha inawaka nyumbani kwake, na akawashauri waajiri wenzake wa Dar wawafukuze watu wa hivyo siku hiyohiyo bila maneno mengi. Mi ni mtu wa IT kwenye ofisi moja ya wakala wa forodha huku Posta. Mi ndo nafunga hizo saiti, mi ndo napigiwa kelele zikifunguka na mi huyohuyo napigiwa kelele zisipofunguka, kwa hiyo nadhani na mimi nina la kusema.

Kwanza nieleze kinachofanyika maana kwenye ile barua kilielezwa kama vile uchawi. Ofisini kuna fayawoli, ni kifaa kinachokaa kati ya kompyuta zenu na intaneti, kinaangalia kila ombi linalotoka linaenda wapi, likienda kwenye saiti ya marufuku kinalikata. Sasa kijana anachofanya ni kuituma kompyuta yake ya nyumbani ndo iende huko halafu imletee. Ni sawa na mlinzi akuzuie getini usitoke kwenda dukani, ukampigia simu mdogo wako yuko nyumbani Tabata, aende yeye dukani akuletee kwenye mfuko mweusi (ile rambo ya zamani kabla hazijapigwa marufuku 2019), mlinzi anaona tu mdogo wako kaja na mfuko, kilichomo ndani hakijui. Basi ni hivyo tu.

Njia zenyewe hasa ziko mbili. Ya kwanza unaiona skrini ya kompyuta ya nyumbani ukiwa kwenye kompyuta ya ofisini, unabonyeza huku inafunguka kule, na kinachosafiri hasa ni picha ya skrini. Ndo hizi AnyDesk, TeamViewer, ile ya Google ya kwenye Chrome na ile inayokuja ndani ya Windows yenyewe. Ya pili ni ya waliojiongeza kidogo, wanatumia SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa mazungumzo yaliyofungwa kwa siri), wanachimba handaki kutoka ofisini mpaka nyumbani, wanaiambia brauza ipitie humo, na kila saiti wanayofungua huko nje inaonekana imefunguliwa Tabata. Na SSH haikutengenezwa kwa ajili ya kukwepa mabosi jamani, ilitengenezwa 1995 na bwana mmoja wa Ufini, Tatu Ylönen, pale Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, baada ya mtu kunasa mapaswedi ya watu yaliyokuwa yanapita wazi kwenye mtandao wa chuo. Mpaka leo ndo chombo chetu watu wa IT cha kila siku cha kuingia kwenye seva, kwa hiyo ukikuta kijana ana PuTTY, programu ya kutumia hiyo SSH, kwenye kompyuta yake usikimbilie kuita walinzi, inawezekana ndo mtu anayeiweka hewani saiti ya kampuni yako.

Tena hapa kwetu kazi yenyewe si nyepesi kama wanavyoiona kwenye video. Ukiwa na ruta ya laini ya simu nyumbani, kampuni za simu huwa zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti kwa sababu anwani za aina ya zamani ziko kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima na ghala kuu la kuzigawa lilikauka mwaka 2011, kwa hiyo ukipiga hodi kwa ruta yako kutoka nje hufiki, unaishia kwa kampuni. Ndo maana wengi wanaishia kwenye zile programu ambazo kompyuta zote mbili zinapiga kwenda kwenye seva ya katikati halafu seva inazikutanisha, au inabidi uwe na faiba yenye anwani yako mwenyewe. Halafu bando linaliwa mara mbili, kitu kinashuka kwanza nyumbani kisha kinapanda kuja ofisini, na kampuni inahesabu kushuka inahesabu na kupanda. Hapo hujaigusa LUKU. Umeme ukiisha saa nne asubuhi kompyuta inazima, handaki linafia hapohapo, unamkuta kijana kajificha kwenye korido anamsomea dada wa kazi tarakimu za tokeni kwa sauti ya chini huku kijasho kinamtoka. Mi nimeshalisikia hilo kwa masikio yangu nikapita kama sijasikia.

Sasa swali ambalo mwajiri wetu hakujiuliza ni hili, mtu anajitesa hivyo kwa sababu gani? Mwenye shida ya kuangalia mpira tu ana simu mkononi, anaweka bando lake anaangalia chooni, biashara imeisha. Mtu mpaka aache kompyuta inakula umeme nyumbani siku nzima maana yake kuna kitu anakihitaji kwenye kompyuta ileile ya ofisini anayofanyia kazi.

Nitoe mfano wa kwetu maana ndo ninaoujua. Wakala wa forodha siku hizi kazi zake zote zinapita mtandaoni, kuna TANCIS, mfumo wa forodha wa TRA, kuna saiti za kampuni za meli za kuangalia kontena limefika wapi, kuna mawakala wa nje wanatuma BL (hati ya mzigo wa meli) na invoisi. Mteja yuko Guangzhou yeye hajui mambo ya barua pepe rasmi, anapiga picha pakingi listi anairusha WhatsApp, au mafaili yakiwa makubwa anaweka kwenye hifadhi ya mtandaoni anakutumia linki. Fayawoli za siku hizi zinakuja na mafungu tayari, fungu la mitandao ya kijamii, la video, la kamari, la ngono, la barua pepe binafsi, la hifadhi ya mafaili. Bosi anakaa na mimi mbele ya skrini, haulizi lipi lina nini, anasema wewe weka tiki yote tuone kama hawatafanya kazi. Naweka tiki. Kesho yake WhatsApp ya kwenye kompyuta haifunguki, linki ya mteja haifunguki, saiti ya kampuni moja ya meli nayo haifunguki, sijui kwa nini mtengenezaji wa fayawoli aliiweka kwenye fungu la burudani, labda kwa sababu kampuni hiyo ina meli za watalii. Kontena liko bandarini, siku za bure zinaisha, stoo inaanza kuhesabu, mteja anakuja juu, na yule dada wa dokumentesheni akinifuata namwambia andika barua bosi asaini, bosi kasafiri Dodoma mpaka Alhamisi. Kwenye hii kazi ni punda afe mzigo ufike. Kwa hiyo dada anatafuta njia, na mdogo wake aliyesoma kompyuta anamwekea AnyDesk nyumbani, linki inafunguka kule, mzigo unatoka, bosi akirudi anamsifia dada mbele ya mkutano wa asubuhi kwa kuokoa hela ya stoo. Huyo ndo mwizi wa mtandao?

Sikatai, wapo wanaopitia huko kwenda kubeti. Wapo wanaoshinda kwenye tamthilia za Kituruki mpaka faili la mteja linaota vumbi. Hao nawajua, na kusema kweli huhitaji fayawoli kuwajua, angalia kazi zao tu. Mtu ambaye kazi haitoki ni wa kuitwa na kuulizwa kazi iko wapi, hata kama anapoteza muda wake kwa kupiga soga na wauza karanga nje ya geti.

Na hii tabia ya kufunga kila kitu ina historia yake, haikuanza kwa ubaya. Kabla ya mkonga wa intaneti wa baharini wa SEACOM kufika Dar katikati ya 2009 na EASSy kufuata mwaka uliofuata, maofisi mengi mjini yalikuwa yanategemea madishi ya setilaiti, intaneti nyembamba na bei yake ya kuumiza, mtu mmoja akishusha wimbo ofisi nzima barua pepe zinasimama. Enzi hizo kufunga ilikuwa lazima na mtu wa IT ambaye hafungi alikuwa hafai. Sasa hivi ofisi ina faiba lakini sera ni ileile ya enzi za dishi, imerithiwa na bosi kutoka kwa bosi, ukiuliza kwa nini hiki kimefungwa unaambiwa ndo utaratibu. Kuna siku kufunga bado kuna maana, kwa mfano ile Mei 2024 mikonga ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini kwa pamoja na nchi nzima ikawa inagombania vitone, siku zile nilifunga video zote na hakuna aliyelalamika kwa sababu kila mtu alikuwa anaona hali. Watu wakiielewa sababu huwa hawachimbi mahandaki.

Halafu kuna kichekesho kimoja mabosi hawakijui. Kama nia yenu ni kuokoa intaneti ya ofisi, mtu anayeangalia video kupitia kompyuta ya nyumbani anaitumia ileile, kwa sababu video lazima mwishoni iingie ofisini, imezunguka tu Tabata kwanza. Kwa hiyo mmefunga, hamjaokoa kitu, na mmejipofusha juu, maana mwanzo mlikuwa mnaona anaenda wapi na sasa mnaona mfuko mweusi.

Nimeshawasema mabosi, sasa niwageukie vijana maana nawaona mnachekelea.

Hilo handaki halikufichi kama unavyofikiri. Mi nikikaa kwenye fayawoli yangu naona kompyuta moja pale ghorofa ya pili inaongea na anwani moja ya mtu binafsi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, haiongei na mtu mwingine yeyote, kweli nisijue? Unaambiwa mtandaoni hamisha SSH kutoka mlango namba 22, ambao ndo wake wa kawaida, uipitishe mlango namba 443 wa saiti za kawaida ili isionekane, sawa, lakini SSH ikianza mazungumzo inajitambulisha kwanza kwa maandishi ya wazi kabisa kabla haijaanza kufunga siri, inasema mimi ni SSH toleo la pili, na fayawoli yoyote yenye akili inaisoma hiyo salamu bila kujali umepita mlango gani. Na brauza nyingine hata ukiipitisha kwenye handaki inaendelea kuiuliza seva ya ofisi hii saiti iko anwani gani, kwa hiyo maneno yako umeyaficha lakini majina ya saiti unayaacha mezani kwangu. Na kama ofisi imeweka programu ya kufuatilia ndani ya kompyuta yenyewe hapo handaki halina msaada wowote, inakuona kabla hujaingia humo.

Lakini kuonekana ni dogo. Kubwa linaloninyima usingizi ni hiyo kompyuta ya nyumbani yenyewe. Tuseme ukweli, ni ile iliyonunuliwa yuzdi Kariakoo, Windows ya kukraki, haijapata apdeti toka ilipotoka dukani, watoto wanachezea magemu ya kushusha bure, na kila fleshi ya mtaa imeshapita humo. Wewe unaichukua hiyo unaiunganisha na kompyuta yenye TIN za wateja, invoisi na namba za akaunti. Programu nyingi za skrini zinaruhusu kukopi huku na kupesti kule na kuhamisha mafaili, virusi navyo havihitaji ruhusa ya ziada. Na ukifungua ile ya Windows ikae wazi kwenye intaneti mlango 3389, ujue kuna roboti huko duniani zinatembea mchana na usiku zikijaribu paswedi kwenye kila mlango wa namna hiyo. Mwaka 2019 lilipatikana tundu humo wakaliita BlueKeep, mtu anaingia hata bila paswedi, na lilikuwa baya mpaka Microsoft ikatoa kiraka hata cha Windows XP ambayo ilikuwa imeshaiacha miaka mitano nyuma. Sasa Windows 10 nayo imefikishwa mwisho wa matengenezo ya kawaida Oktoba 2025, na nyumba ngapi Dar bado zinaitumia, we hesabu mwenyewe mtaani kwako.

Kuna na wale wanaochimba kwa kurudi nyuma, yaani kompyuta ya ofisini inapiga simu nyumbani na kuacha mlango ili usiku mtu aingie ofisini kutokea kitandani. Hilo bana msifanye. Hapo hujajifungulia wewe tu, umemfungulia na shemeji anayelala sebuleni kwako.

Na sheria zipo. TCRA Oktoba 2023 ilitoa tangazo la kutaka wanaotumia VPN (nayo ni handaki la siri la kupitishia intaneti) watoe taarifa kabla ya tarehe 30 ya mwezi ule, na toka 2022 kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, kwa hiyo invoisi ya mteja ikivujia kwenye kompyuta ya familia haliishii kuwa kosa la kiofisi peke yake. Hiyo sheria lakini inawabana na mabosi pia, taarifa za mtu ukizikusanya inabidi ajue unazikusanya kwa ajili gani, na wafanyakazi ni watu. Wangapi mmewaambia wafanyakazi wenu kwamba mnaangalia wanachofungua?

Nirudi kwenye kufukuza. Mwajiri wetu anasema fukuza siku hiyohiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka vitu viwili, sababu halali na utaratibu wa haki, na zile kanuni za utendaji bora za 2007 zinakutaka uangalie kama kulikuwa na sheria ya kazini iliyovunjwa, kama sheria hiyo ni ya busara, kama iko wazi, na kama mfanyakazi aliijua au alipaswa kuijua. Sasa wewe hujawahi kuandika hata karatasi moja kuhusu intaneti, ulichofanya ni kumwambia mtu wa IT weka tiki, halafu unamfukuza mtu asubuhi moja. Ana siku 30 za kukupeleka CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na utakaa pale mbele ya msuluhishi unaulizwa sera yako ya mtandao iko wapi, utatoa nini, skrini ya fayawoli? Nimewahi kuitwa na mwajiri wangu wa zamani kwenda kueleza hayo mambo, na ninakuhakikishia kwamba msuluhishi hakuuliza hata mara moja habari za teknolojia, aliuliza tu mliwaambia lini na kwa maandishi gani.

Hapa tulipo sasa tulibadilisha mambo machache tu. WhatsApp ya kwenye kompyuta ikafunguliwa kwa watu wa dokumentesheni na oparesheni, hifadhi za mafaili zikafunguliwa kwa kushusha ila kupandisha hapana, kamari na ngono zikabaki zimefungwa bila mjadala. Tukaweka waifai ya pembeni kwa ajili ya simu za watu, haigusani kabisa na mtandao wa kazi, ina spidi yake ndogo iliyopimwa, mtu akitaka kuangalia magoli saa ya chakula aangalie kwenye simu yake. Maombi ya kufunguliwa saiti yanakuja kwangu moja kwa moja, natakiwa nijibu siku hiyohiyo na bosi anapelekewa ripoti tu, hasubiriwi kutoka Dodoma. Ndo tukaandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, kila mtu akasaini, unasema tunaangalia nini, na unasema kuunganisha kompyuta ya ofisi na ya nyumbani bila ruhusa ni kosa. Mwenye kazi ya kweli ya kufanyia nyumbani tunampa VPN ya ofisi yenyewe na laptopu ya ofisi, na laptopu ya familia inabaki kuwa ya familia.

AnyDesk zikapungua zenyewe. Hazikuisha, kuna mmoja bado namuona kwenye fayawoli na tunajua anapobetia, huyo sasa ana karatasi aliyoisaini na akiitwa hatakuwa na pa kushika.

Kwa hiyo namuomba mwajiri wetu kabla hajaandika barua ya kufukuza, amwambie mtu wake wa IT amtolee orodha ya saiti zilizokatwa mwezi uliopita, zikiwa zimepangwa kwa idara, akae nayo na wakuu wa idara waisome mstari kwa mstari, hii ni ya kazi, hii si ya kazi. Hiyo ripoti kwenye fayawoli nyingi ipo tayari, ni kubonyeza tu. Na kama huyo mtu wake wa IT hajui pa kubonyeza, mi niko tayari kumwelekeza bure, anitafute kupitia kwako Mhariri.

Mtu wa IT (jina naomba lihifadhiwe, bosi wangu naye anasoma gazeti hili),
Posta, Dar es Salaam